"Mikrobe yako imebadilisha ngozi": kijana wa labo alimaanisha nini?

"Mimi ni mama wa miaka 38, nauza vitenge soko la Kadutu, Bukavu. Mwaka huu ni mara ya nne napata shida ya mkojo: kuungua, kukimbilia choo kila mara, harufu mbaya. Mara ya kwanza nilinunua amoksisilini farmasi. Mara ya pili siprofloksasini, ikatulia wiki chache, ikarudi. Mara ya tatu nilichomwa sindano tano za seftriaksoni. Sasa imerudi tena, na daktari amenituma labo. Karatasi inasema Escherichia coli. Ampisilini R, kotrimoksazoli R, siprofloksasini R, seftriaksoni R. S ni mbili tu: nitrofurantoini na fosfomisini. Kijana wa labo aliniambia: 'Mama, mikrobe yako imebadilisha ngozi, dawa haziingii tena.' Jirani mmoja anasema ni mwili wangu umezoea dawa, nipumzike mwaka mzima nisimeze kitu. Mwingine anafuga kuku, ana unga wa kolistini anaowapa, anasema unaua kila kitu. Na hizo S mbili ni vidogo vya kumeza tu, vitaweza wapi kilichoshinda sindano tano? Hiyo ngozi inabadilikaje? Inaweza kurudi ilivyokuwa? Homa sina."

Mama, asante kwa kunakili karatasi yote. Wengi huniandikia "dawa hazinishiki tena" na kutaka jina la dawa nyingine, basi. Wewe umeleta majina, mpangilio wa miezi, hata maneno ya kijana wa labo, kwa hiyo tunaweza kuzungumza vizuri.

Nikisoma barua yako naona hofu tatu zimefungwa kwenye kitenge kimoja: kwamba mwili wako umeharibika, kwamba dawa kubwa zimekwisha na umebakiziwa ndogo, na kwamba labda yule wa kuku ndiye mwenye jibu. Ya kwanza si kweli. Ya pili ni kweli upande mmoja tu. Ya tatu inanitia wasiwasi kuliko ugonjwa wenyewe, na nitakaa nayo kwa muda.

Tuanze na mwili. R ni dawa iliyoshindwa na mikrobe, S ni dawa ambayo bado inaiweza. R kwenye ile karatasi haikuandikwa juu yako. Walichofanya labo ni hivi: walipaka tone la mkojo wako kwenye sahani ya chakula cha mikrobe, chenye rangi ya waridi iliyokolea, tunakiita MacConkey. Asubuhi yake viliota vidoti vyekundu vya mviringo, kila kidoti kikiwa ni mamilioni ya mikrobe za ukoo mmoja. Wakachota vidoti vichache, wakavikoroga kwenye maji ya chumvi mpaka yakawa na ukungu kidogo, wakayapaka kwenye sahani nyingine yenye rangi ya majani makavu. Juu yake wakapanga vikaratasi vya mviringo, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Sahani ikalala ndani ya kabati la joto, digrii 35. Kesho yake mtu akachukua rula. Dawa inayoua huacha duara safi kuizunguka; isiyoua, mikrobe huota mpaka kwenye ukingo wa kikaratasi kama nyasi zilizofika mlangoni. Ile R ni milimita za rula. Wewe ulikuwa nyumbani umelala. Mikrobe hiyohiyo ikihamia kwa dada yako ambaye hajawahi kumeza kidonge maishani, R zitabaki palepale. Kilichobadilika ni mikrobe.

Sasa ngozi yenyewe. Mwaka 1884 daktari mmoja wa Denmark, Hans Christian Gram, akifanya kazi Berlin, aligundua njia ya kupaka bakteria rangi ambayo tunaitumia kila siku mpaka leo. Baadhi hushika rangi ya zambarau, wengine huiachia na kubaki wekundu hafifu. Sababu ilijulikana baadaye sana: hawa wawili hawavai nguo sawa. Wa zambarau ana ukuta mnene na utando mmoja wa mafuta chini yake. Mwekundu, na E. coli yako ni wa kundi hili, ana tando mbili, na ukuta mwembamba katikati yake.

Fikiria parseli ya Muhumba au Nguba, mitaa ya hapo Bukavu. Kuna uzio wa nje wenye geti. Ukipita geti unakuta kiwanja. Kisha nyumba yenyewe, na mlango wake. Bakteria wekundu wamejengwa hivyo: utando wa nje ndio uzio, kiwanja kipo katikati, utando wa ndani ndio nyumba. Huyo kiumbe mzima ana urefu wa karibu sehemu mbili za elfu za milimita, na kila utando ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari zaidi ya mara elfu kumi. Lakini uzio ule wa nje si wa kuchezea. Upande wake unaotazama nje umejengwa kwa mafuta ya pekee yaliyounganishwa na minyororo ya sukari, yanaitwa lipopolisakaridi. E. coli anaishi tumboni mwako, anaoga nyongo kila siku, na nyongo inayeyusha mafuta kama sabuni. Uzio huo ndio unaomwokoa. Ile sahani ya waridi ya labo imetiwa chumvi za nyongo makusudi, ili wa zambarau washindwe kuota na wekundu waendelee kustarehe.

Ndiyo maana dawa fulani hazikuwahi kumuua E. coli hata siku moja. Vankomisini, kwa mfano, ni molekuli kubwa, haipiti getini. Mageti yenyewe ni vijitundu vya protini, makumi ya maelfu kwenye bakteria mmoja, na kila kimoja hupitisha vitu vidogo tu. Wataalamu wanaviita porini, jina ambalo kwa Kiswahili limetuletea vichekesho darasani zaidi ya mara moja, maana mwanafunzi husikia "dawa huingilia porini" akafikiri simba. Amoksisilini, siprofloksasini na seftriaksoni ni ndogo, hupita hapo.

Umeuliza ngozi inabadilikaje. Nyoka hujivua gamba, kinyonga hugeuza rangi. Mikrobe yako ina kidogo ya kinyonga, lakini shida kubwa haitoki huko.

Ukinyonga wake ni huu. E. coli ana mageti ya aina mbili kuu, mapana kidogo na membamba kidogo. Akiwa mahali penye chumvi nyingi na joto la mwili, hupunguza yale mapana na kuongeza yale membamba. Akiguswa na sumu fulani, huwasha swichi inayopunguza mageti mapana na wakati huohuo kuongeza pampu, nitazieleza. Sumu ikiondoka, swichi huzimika, na watoto wake wanazaliwa na uzio wa kawaida. Hilo si usugu wa kudumu.

La kudumu huja kwa hesabu. Mkojo wenye ugonjwa kama wako mara nyingi hubeba bakteria laki moja au zaidi kwa kila mililita. Kibofu chenye mililita mia moja tu tayari kina milioni kumi. Kila anapogawanyika hunakili maandishi yake ya urithi, na kunakili kuna makosa. Kosa linaloharibu geti ni rahisi kutokea, kwa sababu kuharibu kuna njia nyingi: futa herufi hapa, katisha sentensi pale, geti halijengwi tena. Hutokea mara moja katika mamilioni ya kugawanyika. Basi katika wale milioni kumi, huenda yupo mmoja au wachache ambao geti lao limeziba kabla hujafungua hata pakiti ya dawa. Hawakuiona dawa wakajifunza. Walizaliwa na kasoro. Kisha dawa ikaja, ikafagia wenzao wote, ikawaachia kibofu kizima. Mama, hapa ndipo watu wengi, hata wauguzi wazuri, hukosea: husema bakteria "amejizoesha". Aliyekufa alikufa. Unayemwona ni mjukuu wa yule aliyebaki.

Geti kuziba lina bei. Chakula pia huingilia hapohapo. Bakteria mwenye mageti machache anakua polepole kuliko wenzake, na bila dawa mahali hapo wenzake humpita. Shika neno hilo la bei, litakujibu maswali mawili ya mwisho.

Pampu sasa. Ukivuka ziwa kwenda Idjwi kwa mtumbwi uliotoboka umeona wale vijana wanaokomba maji kwa kopo bila kupumzika. Maji yanaingia, wao wanatoa. Mradi wanatoa kwa kasi kuliko yanavyoingia, mtumbwi hauzami. Mwaka 1980 Stuart Levy na wenzake huko Boston, Marekani, walionyesha kwamba E. coli sugu kwa tetrasaiklini anafanya hivyohivyo: dawa inaingia, na protini iliyopachikwa kwenye utando inaitema nje. Baadaye zikajulikana pampu kubwa zaidi, zinazopita tando zote mbili kama bomba moja kutoka nyumbani hadi nje ya uzio, na hizo hazichagui. Zinatema siprofloksasini, tetrasaiklini, hata nyongo, kwa mkupuo. Pampu peke yake kwa kawaida haitoshi. Pampu pamoja na mageti machache, hapo mtumbwi unabaki juu: maji yanaingia taratibu, na mkombaji hachoki.

Lakini nikiitazama karatasi yako, Mama, siamini kwamba ngozi peke yake ndiyo imekufanyia haya. Kijana wa labo alisema nusu ya kweli, na simlaumu, kwenye dirisha la labo lenye foleni huwezi kutoa somo. Seftriaksoni ikiwa R kwa E. coli wa siku hizi, mtuhumiwa wa kwanza anakaa kwenye kile kiwanja kati ya uzio na nyumba: kimeng'enya, yaani protini yenye kazi ya mkasi, kinachokata dawa za jamii ya penisilini na seftriaksoni kabla hazijaufikia ukuta. Labo nzuri inaweza kumwona kwa macho. Ukiweka kikaratasi cha seftriaksoni karibu na kile cha amoksisilini yenye asidi ya klavulaniki, ambayo hufunga mkasi, duara safi linavutika upande mmoja na kutokea umbo la kizibo cha chupa ya shampeni. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaliita hivyohivyo, na bado hufurahi kuliona, ingawa kwa mgonjwa si habari ya furaha. Kwa siprofloksasini, mara nyingi kilichobadilika ni kile kitasa chenyewe ndani ya nyumba ambacho dawa ilikuwa inakishika. Mageti na pampu huongeza uzito juu ya hayo: mkasi ukiwa na kazi ndogo kwa sababu dawa inaingia kidogo, unakata yote.

Na mkasi huo kwa kawaida hauzaliwi kwa kosa la kunakili. Hubebwa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha maandishi ya urithi, mviringo kama bangili, ambacho bakteria mmoja humpa mwingine kwa kugusana. Bangili moja inaweza kubeba usugu wa dawa tatu nne kwa pamoja. Ndiyo maana R zako zimekuja kama familia nzima iliyopanda gari moja. Hukuzipata moja moja kwa kosa lako la kila mwezi.

Sasa kuku.

Kolistini ni dawa ya zamani. Ilipatikana Japani mwaka 1949, ikatumika kwa watu, kisha madaktari wakaiweka pembeni miaka ya 1970 kwa sababu iliumiza figo na mishipa ya fahamu. Imerudishwa hospitalini kwa wagonjwa mahututi wasio na dawa nyingine. Na yenyewe, tofauti na zote ulizotumia, haitafuti geti. Inashambulia uzio wenyewe. Yale mafuta ya nje yana fosfati, zenye umeme hasi, na kwa kuwa hasi na hasi husukumana, uzio ungefumuka kama si magnesiamu na kalisi kukaa katikati na kuzishikanisha, mfano wa misumari kati ya mbao. Kolistini ina umeme chanya mwingi. Inafika, inang'oa misumari, inakaa mahali pake, na mkia wake wa mafuta unapasua utando. Kilicho ndani kinavuja.

Hapa ndipo maneno "kubadilisha ngozi" yanakuwa kweli herufi kwa herufi. Bakteria sugu kwa kolistini huzifunika zile fosfati kwa kubandika juu yake kipande chenye umeme chanya. Uzio unapoteza mvuto wake. Kolistini inafika na haina pa kushika. Kuna wengine, Acinetobacter wa wodi za wagonjwa mahututi, waliofika mbali zaidi: wametupa lipopolisakaridi yote, wakabaki bila ile ngao ya nje. Kolistini haina cha kushika kabisa. Lakini tazama bei yake: akiwa uchi hivyo, dawa nyingine ambazo zamani hazikumgusa sasa zinampenya. (Wale wa zambarau nao wana hila ya namna hiyo, hubandika asidi ya amino yenye umeme chanya kwenye mafuta yao. Hao si wagonjwa wetu leo.)

Kwa miaka mingi tulijifariji kwamba mabadiliko haya ya uzio hayawezi kuazimwa, kwamba kila bakteria lazima ayazue mwenyewe. Novemba 2015 watafiti wa China wakatangaza jeni waliyoiita mcr-1: ile kazi ya kufunika fosfati, yote, imefungwa ndani ya bangili moja inayopitishwa. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama, na kwa wagonjwa. Kolistini ilikuwa inachanganywa kwenye chakula cha mifugo ili wanenepe.

Kwa hiyo ukikoroga unga wa jirani ukanywa, hivi ndivyo itakavyokuwa. Kolistini ya kunywa karibu haitoki tumboni kuingia kwenye damu, kwa hiyo kibofu chako hakitaiona. Wa kuiona ni E. coli wa utumbo wako, na huko ndiko alikotoka huyu wa mkojo. Utakuwa unawaua wenzao na kuwaachia nafasi wale wenye uzio uliofunikwa, palepale kwenye ghala la maambukizo yako yajayo, bila kupunguza hata chembe ya maumivu ya leo. Sina ugomvi na jirani. Lakini unga huo usinywe, na kama kuku wake hawaumwi, na wao wasiupewe.

Tena usimwamini mtu anayekuonyesha kikaratasi cha kolistini chenye duara safi kwenye sahani. Nikiwa mwanafunzi niliandika "kolistini S" kwa kujiamini kabisa, nikiwa nimepima duara mara mbili. Mwalimu alifuta kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Molekuli ile ni kubwa na ina umeme, inanata kwenye chakula cha sahani badala ya kusambaa, kwa hiyo duara lake halisemi kweli. Hupimwa kwenye mirija yenye chakula cha mikrobe cha majimaji, na kazi hiyo si ya kila labo.

Je, ngozi inaweza kurudi? Inategemea ni ipi. Swichi ya ukinyonga hurudi ndani ya saa chache dawa ikiondoka. Geti lililovunjika kwa kosa la urithi halijitengenezi, ila wenye mageti mazima humzidi kwa kula na kuzaliana, na baada ya muda wanatawala tena. Bangili yenye mkasi ni ngumu zaidi. Watu waliofuatiliwa baada ya kuipata safarini, wengi wao ilitoweka utumboni ndani ya mwaka, baadhi walibaki nayo. Na kuna habari njema kutoka kulekule China: mwaka 2017 walikataza kolistini kwenye chakula cha mifugo, na miaka iliyofuata mcr-1 ikapungua kwa wanyama na kwa watu. Bei ile niliyokwambia inalipwa kweli.

Basi jirani yako wa kwanza ana nusu ya haki. Mwaka bila antibiotiki zisizo na sababu ni mwaka mzuri kwa utumbo wako. Mwaka wa kuvumilia mkojo unaoungua ukisubiri mikrobe ibadilike tabia, hapana. Maambukizo ya kibofu yanaweza kupanda kwenye figo.

Tuje kwenye zile S mbili ulizozidharau. Sindano haimaanishi nguvu, Mama. Sindano ni barabara tu. Seftriaksoni hupewa kwa sindano kwa sababu tumbo haliipokei, wala si kwa kuwa ni kali kuliko kidonge. Nitrofurantoini inauzwa tangu 1953, fosfomisini iligunduliwa Hispania mwaka 1969. Ni wazee, na bado wanasimama, kwa sababu zinazohusu ngozi hii tuliyoizungumza. Nitrofurantoini ni ndogo sana, na ikiingia, vimeng'enya vya bakteria mwenyewe ndivyo vinavyoiwasha, ikaanza kuharibu vitu vingi kwa wakati mmoja. Hakuna kitasa kimoja cha kubadilisha. Fosfomisini inaingia ndani ya nyumba kwa mlango wa chakula, ule wa sukari zenye fosfati, ikazuia hatua ya kwanza kabisa ya kujenga ukuta. Bakteria anaweza kuufunga mlango huo, na wapo wanaoufunga, lakini anayefanya hivyo hukua vibaya kwenye mkojo. Ule mkasi wa kiwanjani hauna la kufanya na hizi mbili. Umetengenezwa kukata umbo jingine.

Tena zote mbili hujikusanya kwenye mkojo, mahali unapozihitaji. Nitrofurantoini karibu haikai kwenye damu wala kwenye nyama ya figo. Hiyo ni sifa na ni kasoro kwa pamoja: kwa kibofu ni nzuri, kwa figo iliyoambukizwa haifai kabisa. Kwa kawaida nitrofurantoini humezwa siku tano, fosfomisini ni kifuko kimoja cha gramu tatu, mara moja. Kuchagua kati yake ni kwa daktari wako, na kuna mambo lazima umwambie hata asipouliza: kama unaweza kuwa na mimba, kama umewahi kuambiwa figo zako hazifanyi kazi vizuri, kama kuna kwenu mtu aliyewahi kupungukiwa damu ghafla baada ya kumeza dawa. Nitrofurantoini haipewi mimba ikikaribia kujifungua, wala kwa figo dhaifu. Usiongeze siku kwa hofu. Siku za ziada haziui zaidi, zinawapa nafasi wale sugu.

Tena karatasi yako haikupima kila dawa iliyopo. Hospitali kubwa ina nyingine, za kupewa kwenye mshipa, kwa atakayezihitaji. Wewe kwa maelezo yako huzihitaji leo.

Kinachonishughulisha zaidi ni mara nne ndani ya mwaka. Hiyo inahitaji mtu akuone uso kwa uso, si mimi. Mwombe daktari apime sukari ya damu, maana kisukari hujificha hivyo. Aangalie kama kuna ugonjwa wa zinaa, kwa sababu baadhi ya magonjwa hayo huunguza mkojo vilevile, na kuonekana kwa E. coli kwenye karatasi hakumaanishi kwamba hayapo. Ekografi, yaani ultrasaundi, itaonyesha kama kuna jiwe au mkojo unaobaki kibofuni. Na nikuulize swali la soko: unakunywa maji mchana? Najua mama wengi wa Kadutu hukaa kwenye meza kuanzia asubuhi mpaka jioni bila tone, kwa sababu ya hali ya vyoo na kwa sababu hakuna wa kumwachia bidhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa wanawake wenye tatizo kama lako, waliokuwa wakinywa kidogo, ulionyesha kwamba lita moja na nusu ya ziada kila siku ilipunguza sana kurudi kwa ugonjwa. Hakuna ngozi ya kubadilisha dhidi ya kusombwa na maji. Tafuta jirani wa meza mpokezane kulinda, mwende chooni kwa zamu.

Ukipata homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ubavuni chini ya mbavu, au kutapika, usingoje kesho wala usiniandikie tena. Nenda hospitali siku hiyohiyo na karatasi mkononi, kwa sababu hapo kibofu si tatizo tena, na zile S mbili hazitatosha. Vivyo hivyo ukigundua una mimba, au ukiona damu kwenye mkojo, au siku mbili tatu za dawa zikipita bila nafuu yoyote.

Kama watakutuma labo tena, osha sehemu kwa maji, acha mkojo wa kwanza uende chooni, kinga ule wa katikati kwenye kichupa walichokupa, si chupa ya jam. Ufike labo ndani ya saa mbili. E. coli akiwa kwenye joto anaweza kugawanyika kila dakika ishirini, na ukipitia sokoni kwanza kufungua meza, kijana yule atahesabu wale waliozaliwa ndani ya kikapu chako.